Kumlea Nyumbani Mtoto Mchanga Asiyetarajiwa Kupona

Mara nyingi mambo huanza hivi. Mama aliyejifungua yapata wiki mbili zilizopita huitwa na daktari katika chumba kidogo kando ya wadi ya watoto wachanga. Muuguzi naye huwapo. Baba, ikiwa ni askari, huenda yuko zamu, au yuko mbali kabisa katika kikosi cha kulinda amani, na habari atazipata usiku kwa simu. Daktari hueleza kwa upole kwamba maradhi ya mtoto hayana dawa ya kuyaondoa, wala hakuna upasuaji utakaomfaa. Kwamba kuzidi kumlaza hospitalini hakutamletea nafuu. Na kwamba wazazi wakipenda wanaweza kumchukua wakaenda naye nyumbani. Katika maneno yote hayo mama husikia mawili tu: hakuna dawa. Humfunika mwanawe kwa shuka, akaondoka akiamini kwamba ametumwa kwenda kungoja kifo.

Hapo ndipo lilipo kosa, na kosa hilo si la mama. Kati ya kusema "hakuna dawa ya kumponya" na kusema "hakuna la kufanya" pana umbali mkubwa. Mtoto asiyetarajiwa kupona huishi siku, wiki, miezi, na wengine hata miaka. Katika muda huo, uwe mfupi au mrefu, anaweza kuishi akilia kwa maumivu, na anaweza kuishi akiwa ametulia kifuani pa mama yake. Tofauti ya hali hizo mbili hutokana na kazi ya mikono ya watu: muuguzi, mjumbe wa afya wa kijiji, jirani na wazazi wenyewe. Kazi hiyo huitwa tiba shufaa, yaani utunzaji wa kumwondolea mgonjwa mateso, hata pale ambapo ugonjwa wenyewe hauondoki.

MASAKA NA NJIA YA KURUDI NYUMBANI

Masaka ni tarafa ya Wilaya ya Kicukiro, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, kando ya barabara iendayo Kabuga na Rwamagana. Ipo hapo Hospitali ya Masaka, iliyojengwa kwa msaada wa China, na si mbali sana, huko Kanombe, ipo Hospitali ya Jeshi ambayo hutibu askari na raia pia. Kwa hiyo familia za sehemu hizo haziko mbali na madaktari. Hata hivyo mtoto mgonjwa hamalizi maisha yake wadini. Siku moja mama hushuka naye kwenye gari, akapanda njia ya kilimani hadi nyumbani, na usiku unapoingia hubaki peke yake na kilio asichojua maana yake.

Nchini Rwanda njia hiyo ya kilimani haikuachwa tupu. Kila kijiji, ambacho kwa Kinyarwanda huitwa umudugudu, kina wajumbe wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, nao huitwa abajyanama b'ubuzima. Juu yao kipo kituo cha afya chenye wauguzi, na juu ya kituo hicho ipo hospitali ya wilaya. Mwaka 2011 Serikali ya Rwanda ilipitisha sera ya taifa ya tiba shufaa, ikawa miongoni mwa nchi za kwanza katika Afrika kuwa na sera iliyosimama peke yake juu ya jambo hilo. Mwaka 2014 nchi ilianza kutengeneza yenyewe mofini ya maji ya kunywa, ili mgonjwa wa kijijini naye aipate. Baadaye watumishi wa kuwahudumia wagonjwa majumbani walifunzwa pia.

Rwanda haikuwa peke yake katika safari hiyo. Mwaka 1979 ilianzishwa Island Hospice katika mji ambao leo ni Harare, Zimbabwe. Nairobi ilipata hospisi yake mwaka 1990. Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman, aliyefariki Kampala mwaka 2025, alianzisha Hospice Africa Uganda, ambayo wauguzi wake waliwafuata wagonjwa majumbani wakiwa na chupa za mofini ya maji. Lakini katika nchi nyingi huduma hizi zilianza kwa watu wazima wenye saratani na ukimwi. Mtoto mchanga, asiyeweza kusema panapomuuma, ndiye aliyekumbukwa mwisho. Taarifa ya wataalamu iliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria kwamba watoto wapatao milioni 2.5 hufariki kila mwaka wakiwa katika mateso makubwa ya maradhi, na zaidi ya 98 katika kila mia wako katika nchi zinazoendelea.

KWANZA, HAKIKISHO

Kabla ya yote wazazi wana haki ya kuelezwa ugonjwa wa mtoto kwa jina lake, kwa lugha wanayoielewa, na kuuliza mara ya pili na ya tatu. Wapo watoto ambao kwa kweli hawana tiba: waliozaliwa kabla ya wakati na mapafu na ubongo vikapata madhara makubwa, waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, na wenye kasoro nzito za moyo, ubongo au mpangilio wa chembe za mwili walizozaliwa nazo.

Lakini yapo maumbile yanayotisha macho ambayo hupasuliwa yakatengenezwa. Mdomo uliopasuka hushonwa. Mgongo wazi na kichwa maji hufanyiwa upasuaji. Huko Mbale, Uganda, hospitali ya watoto iliyofunguliwa mwaka 2001 imejulikana ulimwenguni kwa njia yake ya kutibu kichwa maji. Mtoto wa namna hiyo asifichwe chumbani kwa aibu, wala asihukumiwe na majirani kwamba hana maisha. Apelekwe kwa wataalamu mapema.

Tena, tiba shufaa haimaanishi kukata tamaa. Shirika la Afya Duniani lilieleza tangu mwaka 1998 kwamba huduma hii kwa mtoto huanza pale ugonjwa unapotambuliwa, na huendelea iwapo anapewa dawa za kuutibu au hapewi. Huhusu mwili, akili na roho ya mtoto, na huwahusu pia wazazi na ndugu zake.

MTOTO MCHANGA HUSIKIA MAUMIVU

Palikuwa na wakati ambapo hata madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima, na wengine walipasuliwa bila kupewa dawa za kutosha. Katika mwaka 1987 utafiti wa Dakta K.J.S. Anand na wenzake ulisaidia sana kuliondoa wazo hilo. Leo hapana shaka: mtoto husikia maumivu tangu siku ya kwanza.

Hawezi kuyasema, lakini huyaonyesha. Hukunja uso, akafumba macho kwa nguvu, akafungua mdomo na kukakamaa. Hukunja ngumi, hujikunyata miguu, hukataa ziwa, hulia kilio ambacho hakitulizwi na kubebwa. Hata hivyo mama na ahadhari na jambo moja. Mtoto aliyedhoofika sana huweza kunyamaza kabisa na kulala bila kujitikisa, si kwa kuwa amepata raha, bali kwa kuwa nguvu za kulia zimemwishia. Ukimya wa mtoto mgonjwa nao uchunguzwe.

Dawa ya kwanza ya maumivu haiuzwi dukani. Ni kifua cha mama. Mtoto huwekwa akiwa na nepi na kofia tu, ngozi kwa ngozi, kati ya maziwa ya mama, kisha wote wawili wakafunikwa kwa kitambaa. Njia hii ilianza kutumika Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa ajili ya watoto njiti, na imeenea duniani kote. Hulinda joto la mtoto, hutuliza mapigo ya moyo na pumzi zake, hupunguza maumivu. Baba naye ana kifua. Bibi naye anacho. Mama akichoka wampokee.

Kinyume chake, yapo mambo yanayomzidishia mtoto mateso ijapokuwa hufanywa kwa nia njema. Katika vijiji vya Rwanda, kama katika nchi jirani, wapo wanaoamini kwamba mtoto anayelia au kukataa ziwa ana ikirimi, yaani kimeo cha kukatwa, au ibyinyo, yaani meno ya bandia ya kung'olewa kwenye ufizi. Kukata na kung'oa huku hakutibu lolote. Huleta kidonda, damu na vijidudu, na humfanya mtoto ashindwe kabisa kunyonya. Vivyo hivyo dawa za miti zisizojulikana kipimo chake huweza kuharibu ini na figo za mtoto mchanga.

MOFINI ISIOGOPWE WALA ISICHEZEWE

Maumivu madogo hutulizwa kwa parasetamoli ya maji, kwa kipimo kilichopangwa kulingana na uzito wa mtoto. Maumivu makali, na hata ile hali ya kuhema kwa taabu inayomtia mtoto hofu, huhitaji mofini. Wazazi wengi wakisikia jina hilo hushtuka. Hudhani kwamba ni dawa ya kumharakisha mtoto afe, au kwamba atakuwa mlevi wa dawa. Hofu zote mbili hazina msingi ikiwa kipimo ni sahihi. Mofini inayotolewa kwa kipimo cha daktari huondoa maumivu. Haikusudiwi kuyaondoa maisha.

Pamoja na hayo, mtoto mchanga si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Aliye chini ya miezi sita huathirika na mofini upesi zaidi, hivyo huanzishiwa kiasi kidogo sana, na pumzi zake hutazamwa. Mama huonyeshwa na muuguzi jinsi ya kuvuta dawa kwa bomba lisilo na sindano, na kuidondosha pole pole ndani ya shavu. Huandikiwa saa za kutoa. Huelezwa kwamba dawa hii hufunga choo, na kwamba mtoto akilala mno hata haamshiki, au pumzi zikienda taratibu kupita kawaida, dozi inayofuata isitolewe mpaka muuguzi aulizwe mara moja.

Chupa ya mofini nyumbani itunzwe kama askari atunzavyo silaha: mahali pamoja panapofungwa, chini ya mtu mmoja mwenye kuwajibika, na kila kinachotoka kiandikwe kwenye karatasi. Isigawiwe jirani mwenye jino linalouma. Mtoto asipewe kamwe mofini ya mgonjwa mwingine, kwa maana nguvu za chupa hizo hutofautiana.

KULISHA KWA UPENDO, SI KWA NGUVU

Hakuna jambo linalomuumiza mama kama kumwona mwanawe hali. Mtoto anayeweza kunyonya anyonye mara nyingi, kidogo kidogo. Asiyeweza kuvuta ziwa akamuliwe maziwa, apewe kwa kikombe kidogo kilichochemshwa, akiwa ameinuliwa kichwa na mabega. Wengine hurudi nyumbani na mpira wa puani unaofika tumboni. Mama hufundishwa hospitalini kuutumia, na kuhakikisha kabla ya kila mlo kwamba haujatoka mahali pake.

Ufikapo wakati ambapo mwili wa mtoto unazimika, yeye mwenyewe huacha kutaka chakula. Hapo kumshindilia maziwa ni hatari, kwa kuwa huingia mapafuni yakamkaba. Si kwamba anakufa kwa njaa. Hali yake ndiyo inayoondoa haja ya chakula. Inatosha midomo yake kulowanishwa kwa matone ya maziwa ya mama kwa kitambaa safi. Tendo hilo dogo nalo ni kulisha.

Mtoto ageuzwe kila baada ya muda ili asipate vidonda. Alazwe kwa ubavu au ashikwe mikononi, kichwa kikiwa juu kidogo. Chumba kiwe na hewa, na moshi wa mkaa usimfikie. Mdomo na macho yafutwe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa.

USIKU NDIO WENYE VITISHO

Nyumba nyingi hushindwa si mchana bali saa nane za usiku. Degedege linapomjia mtoto, au pumzi zinapokwama, kila mtu hushika kichwa, pikipiki hutafutwa gizani, na mtoto hufia njiani mikononi mwa mtu asiyemjua. Dawa ya jambo hili ni kupanga mapema. Kabla mama hajatoka hospitalini aombe karatasi yenye mambo manne: jina la ugonjwa, dawa na vipimo vyake, mambo yanayoweza kutokea na la kufanya katika kila moja, na namba ya simu ya mtu atakayepokea usiku. Karatasi hiyo ionyeshwe kwa mjumbe wa afya wa kijiji na muuguzi wa kituo siku ile ile ya kurudi.

Wazazi pia waamue kwa pamoja, wakiwa wametulia: hali ikizidi, wanataka mtoto arudishwe hospitalini au abaki nyumbani? Hakuna jibu moja linalofaa kila nyumba. Anayebadili nia asilaumiwe. Kurudi hospitalini si kushindwa, na kubaki nyumbani si uzembe.

BABA ALIYE KAZINI

Kwa familia ya askari jambo hili lina uzito wake. Baba aliye mbali hupata habari nusu nusu, na mara nyingine mama humficha ili asimvunje moyo kazini. Kufichana huko huzaa uchungu usioisha, maana baba huja kuambiwa siku ya maziko kwamba mtoto aliugua miezi miwili. Ni afadhali aambiwe ukweli mapema, amweleze mkuu wake, na kama ruhusa haiwezekani, muuguzi aongee naye kwa simu ana kwa ana kama aongeavyo na mama. Sauti yake iwekwe sikioni mwa mtoto. Mtoto aliyekuwa akiisikia tumboni huitambua.

Kambi nayo ni kijiji. Wake wa askari wanajua kupokezana maji, kupika na kulea watoto wa mwenzao aliyelemewa. Mama wa mtoto mgonjwa mwenyewe ni mzazi mpya. Damu bado inamtoka, kidonda labda hakijapona, usingizi hana. Apelekwe kliniki kama wazazi wengine. Akiwa halali hata mtoto alalapo, hali chakula, au anasema heri afe yeye, hiyo si huzuni ya kawaida tu, na mhudumu wa afya aarifiwe siku hiyo hiyo. Watoto wakubwa waambiwe ukweli kwa maneno machache: mdogo wenu anaumwa sana, si kosa lenu, na ugonjwa wake hauambukizi, ikiwa ndivyo daktari alivyosema.

JINA

Katika desturi ya Rwanda mtoto hupewa jina siku ya nane. Watoto wa jirani hualikwa, hula chakula kiitwacho ubunnyano, na kila mmoja hupendekeza jina. Wapo wazazi ambao, wakijua mtoto hatadumu, huona hakuna maana ya kumwita jina wala kumsherehekea. Lakini wauguzi waliozoea kazi hii katika nchi nyingi wameona kwamba mama hupata faraja baadaye kwa kuweza kusema: alikuwa na jina, alibebwa, alijulikana. Siku nane zikiwa nyingi mno, jina lisingoje. Na tangu mwaka 2020 vizazi na vifo nchini Rwanda husajiliwa katika vituo vya afya vyenyewe, hivyo mtoto aliyeishi siku chache naye huandikwa kuwa aliishi.

BAADA YA KUONDOKA

Saa ya mwisho ikifika, mikono na miguu ya mtoto huwa ya baridi, pumzi hukatika zikaja tena, rangi hubadilika. Wazazi wakiwa wameelezwa mapema hawatakimbia huku na huko. Watamshika. Wasihimizwe kumtoa mikononi upesi. Wapewe muda wa kumwosha na kumwaga kwa desturi ya dini yao.

Yapo mambo mawili ambayo watu husahau. La kwanza ni maziwa ya mama, ambayo hayajui kwamba mtoto hayupo. Siku chache baadaye yatajaa na kuuma. Avae sidiria yenye kushika vizuri, aweke kitambaa cha maji ya baridi, akamue kidogo tu kwa kupunguza uchungu bila kuyamaliza, na anaweza kunywa parasetamoli. Akipata homa au ziwa likiwa jekundu aende kituoni. Mama asipoambiwa haya, mwili wake humkumbusha msiba kila saa bila mtu wa kumsaidia.

La pili ni maneno ya waombolezaji. "Utazaa mwingine" ni maneno yanayosemwa kwa huruma, lakini humwambia mama kwamba huyu hakuwa mtu. Wanyarwanda wana neno lao la msibani, "mwihangane", yaani vumilieni. Hilo latosha, pamoja na kukaa kimya kando yake, kuleta chakula, na kurudi tena baada ya mwezi, wakati wengine wameshasahau.

Sera ipo, mofini ipo, na wajumbe wa afya wapo vijijini. Kinachobaki ni kuviunganisha hivyo vyote katika ile saa moja ndani ya kile chumba kidogo kando ya wadi. Daktari asiishie kwenye maneno "hakuna dawa", na mzazi asiinuke kitini kabla ya kuuliza: "Basi tutamtunzaje?" Swali hilo lina majibu mengi. Mtoto aliyekuja kwa siku chache ana haki ya kuyapata yote.